Vipimo vya Ipogolo

Ramani imebandikwa ukutani, ofisi ya kata.
Siku thelathini. Mwenye pingamizi aandike.
Nimekuja na miwani ya marehemu Kivike,
kioo kimoja kina ufa,
kwa hiyo Ruaha Mdogo nauona umekuwa miwili.

Afisa mipango ni kijana, koti la kijivu.
Ananionyesha kwa ncha ya kalamu:
"Njano ni makazi. Nyekundu, biashara.
Hii yenye mistari, mama, ni matumizi mchanganyiko.
Maduka chini, watu juu, ghorofa nne.
Na hapa ukingoni njia ya kutembea, viti, taa."

Matumizi mchanganyiko.
Nikalitafuna neno kama fundo la muwa.
Mwanangu, njoo siku moja kwangu,
kiwanja namba mia mbili kumi na nne:
barazani cherehani yangu,
dirishani Mama Nyenza na vocha, na mafuta ya kupima kwa kikombe,
chumba cha uani Chengula na redio zake zilizofumuliwa matumbo,
nyuma kuku,
nyuma ya kuku tanuri la matofali la Mgongolwa,
nyuma ya tanuri kinyungu cha mama mkwe,
mahindi mabichi wakati wenzetu mlimani ndiyo kwanza wanapanda.
Jumamosi ulanzi.
Jumapili, mabenchi yaleyale, kwaya.
Huo mchanganyiko
mlikuwa wapi kabla haujapewa jina?

Mimi ni fundi nguo. Miaka thelathini na mmoja
futi iko shingoni kama nyoka aliyefugwa.
Najua kabla ya mkasi kuna mwili.
Unamwita mtu, anasimama,
unampima akiwa amepumua,
si akiwa amebana tumbo kwa haya.
Hili vazi mmelikata vizuri, sikatai,
pindo zake zimelala.
Lakini mlimpima nani?

Nisiseme uongo mbele ya ukuta.
Mwaka ule wa mvua mto ulipanda hadi kwenye pedali,
nikalala juu ya meza na vitambaa vya watu kifuani.
Choo cha kina Mdegela kilikwenda na maji
kikiwa na mlango wake, na kufuli.
Na binti yangu Atupele anaitaka hiyo ghorofa.
Anataka bomba likohoe ndani ya nyumba,
anataka kuutazama mto bila kuukanyaga.
Nikisema urithi, yeye husema tope.
Naye ana mabega yake. Naye apimwe.

"Mita sitini kutoka mtoni," anasema kijana,
"hapajengwi, hapalimwi. Sheria."
Zinaanzia wapi, baba?
Kwenye mto wa Oktoba unaorukwa na mbuzi,
au ule wa Machi?
Akaiangalia kalamu yake.

Hapo ndipo nikaona. Mto wao umenyooka.
Wameupiga pasi.
Pale unapojikunja chini ya mawe mawili,
pale tulipofulia nguo za Kivike siku ya tatu,
hamna kitu, njano tupu.
Nikatoa chaki ya bluu mfukoni,
nikauchorea mto kiwiko chake juu ya karatasi ya Serikali,
kama ninavyochora kwapa,
taratibu, bila rula.
Mgambo akafoka, "We mama!"
Kijana akasema, "Acha kwanza."
Sijui alikuwa akimwambia nani.

Fomu ya pingamizi ina mistari mitatu.
Nimeandika: Mto una kiwiko.
Tanuri la Mgongolwa halina rangi kwenye karatasi yenu.
Atupele hajaulizwa, na mimi pia.
Pembeni nikaongeza: Kamwene.

Kifungo cha koti lake kilining'inia kwa uzi mmoja.
Nikamwambia avue.
Nikamshonea palepale chini ya ramani,
mara tano kupita, mara tatu kuzungusha shingo.
Shilingi mia tano.
Akasema ataileta kesho
akiteremka kupima.

Kesho nipo.
Kesho kutwa sijui nitakuwa rangi gani.